Kifuniko cha Injini ya Mama Mwenye Nyumba

Kwa miaka mingi nimekana kwamba raizoni zangu, vile viatu vya soli nene nilivyonunua Kampala nikiwa ndiyo kwanza nimevua joho la chuo kikuu, viliishia ndani ya injini ya gari. Mama yangu mzazi alipouliza viko wapi, nilimwambia vimeibwa. Marafiki waliponikuta Juba nimevaa kandambili, niliwaambia vimeibwa, na ili hadithi ipate uzito nikamwongezea mwizi kovu shavuni. Niliusingizia mtaa mzima wa Hai Cinema, mtaa ambao kwa muda wote niliokaa hapo hakuna aliyenigusia hata sindano. Ukweli ni kwamba vilikatwa mbele ya macho yangu kwa kisu cha kuparia samaki, na kimoja nilikishika mwenyewe ili kisiteleze.

Aliyekata alikuwa mama mwenye nyumba. Nilipanga chumba uani kwake miaka ile ya sabini, baada ya mkataba wa amani, wakati nusu ya Juba ilikuwa imerudi juzi kutoka ukimbizini Uganda na nusu nyingine ilikuwa ikituuliza tumerudi na nini. Mimi, mwalimu msichana, nilirudi na shahada ya jiografia na viatu. Yeye alirudi na gari.

Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la rangi ambayo zamani ilikuwa kijani. Marehemu mume wake alilinunua ukimbizini, na alipofariki yeye akaliendesha mwenyewe kuvuka mpaka, godoro juu ya paa na kuku kiti cha mbele. Kila alfajiri lilikwenda Rejaf, kijiji cha mtoni, na kurudi sokoni limejaa samaki, bamia na wanawake watatu wenye makalio ya kutosha. Gari lile ndilo lililokuwa shamba lake, duka lake na mume wake wa pili, na huyu wa pili, alisema, angalau anazima ukimzima.

Kama ningeambiwa nimweleze kwa neno moja, ningesema alikuwa mtu wa kukaza. Alikaza kila kitu. Mtungi wake wa mafuta ya simsim ulifungwa namna ambayo mtu mwingine hawezi kuufungua, na mimi nilipojaribu alisimama pembeni akila karanga, akinitazama kama anayetazama mchezo. Kamba za vitanda vyake zilikazwa hadi ukilala unahisi umelala juu ya ngoma. Alisuka nywele za wanawake wa mtaa, na aliyetoka mikononi mwake alitoka nyusi zimepanda, akaonekana mwenye mshangao mpaka Jumapili ya pili.

Nilipomuuliza sababu, alinieleza habari ya cherehani. Walipokimbia mara ya kwanza, cherehani yake ilipanda juu ya lori, na kamba ikafungwa na mtu mwingine. Mahali fulani kabla ya mpaka kamba ililegea. Alisikia kishindo, akageuka, akaona cherehani imekaa katikati ya barabara imenyooka vizuri, kama inasubiri mteja, na lori halikusimama.

"Toka siku ile," alisema, "kamba ya mimi, mimi nafunga. Na mimi nafunga mpaka yeye nalia."

Kiswahili chake alikichuma kwenye lango la gereji moja kaskazini mwa Uganda, alikouza chai na mandazi kwa mafundi. Kiarabu cha Juba alikitumia kwa watu, Kibari kwa Mungu, na Kiswahili kwa gari na kwa matusi. Asubuhi lilipogoma kuwaka aliliinamia na kulinong'oneza, "Amuka, bwana, watu nangoja." Nilimwambia injini haina lugha. Akanitazama kwa huruma.

"Hii hapana jua Kiarabu. Hii nasoma Uganda, kama wewe."

Siku za kwanza nilimsahihisha. Nilikuwa na Kiswahili cha vitabu, kilichopigwa pasi, na nilidhani ninamsaidia. Alinivumilia kwa muda, kisha akasema, akiniita kwa ile "ya" ya Kiarabu, "Ya mwalimu, wewe nasema kama redio. Sasa nani najibu redio?" Sikumsahihisha tena.

Kwa kuwa aliwanywesha mafundi chai miaka mingi, alijihesabu fundi. Hakuwa. Alijua majina ya vitu, alijua mafundi walitukana nini wakati kitu gani kinapokatika, na aliweza kuiga sauti ya injini mbovu za aina nyingi, jambo lililowafurahisha sana watoto wa jirani. Zaidi ya hapo alibahatisha, kwa sauti kubwa. Aliwahi kunieleza kwa yakini kwamba rejeta hunywa maji mengi zaidi siku za Kwaresima. Aliimba kwaya kwa sauti iliyowafunika wengine wote, na saa hiyo hiyo, chini ya kanga, alihesabu nani hajalipa nauli ya samaki. Alisema hahitaji mwanaume kwa lolote, lakini askari wa barabarani wa pale mzunguko wa soko alikuwa akipata sangara kila Ijumaa, na mama alimkabidhi kwa tabasamu ambalo mimi sikuwahi kuliona nyumbani.

Mwanaume mmoja tu alimtisha, naye ni shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekaa Yei. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia yake safi siku zote, hasemi sana. Kila alipokuja Juba alilizunguka gari polepole, akaligusa tairi kwa ncha ya kiatu, akasema neno lile lile: "Gari ni la ukoo." Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba mali ya marehemu hurudi kwa ndugu zake, kama wengi walivyoamini, na kwamba mashine mikononi mwa mwanamke ni mashine inayongoja kufa.

Hatimaye wazee wa familia walikaa uani kwetu kuamua. Mimi nilikuwa dirishani kwangu, nikijifanya nasahihisha madaftari. Karamu ya kuondoa matanga ya marehemu, iliyosubiri ukoo wote urudi, ilikuwa ifanyike Yei mwisho wa mwezi, na mzee mmoja akatoa shauri: mama alipeleke gari mwenyewe kwenye karamu. Likifika kwa magurudumu yake, ni lake na maneno yaishe. Likifika limevutwa au limepakiwa kwenye lori, libaki Yei kwa shemeji.

Lilikuwa shauri jema, na mama mwenye nyumba angenyamaza tungekuwa salama. Lakini hakuzaliwa kwa kunyamaza. Alisimama, akafunga kanga upya kiunoni, akasema kwa lugha yake ya gari, "Nafika! Na toka leo mpaka Yei, mkono ya mwanaume hapana gusa hii gari. Hata moja!"

Shemeji aliinua kichwa kama mtu aliyepewa zawadi ambayo hakuiomba.

"Umesema mwenyewe," akasema. "Wazee wamesikia."

Sasa, gari lilikuwa na ugonjwa. Juu kabisa ya injini hukaa kifuniko kirefu cha bati kinachozuia oili isiruke nje. Mafundi wa Uganda walikiita tapeti kava, naye alikiita hivyo kwa heshima, kama jina la askofu. Kati ya kifuniko na injini kuna gasketi, utepe mwembamba wa kuziba mwanya, na gasketi ile ilikuwa imekauka kama ganda la mkate. Oili ilivuja, ikadondokea bomba la moshi lenye moto, na abiria wakafika sokoni wakinuka kama wamekaangwa pamoja na samaki. Kwa safari ya Rejaf iliwezekana kuongeza oili na kukohoa. Kwa safari ya Yei, kwenye barabara ile ya mashimo na vilima, oili ingeisha njiani na injini ingekwama.

Unaweza kukisia alichofanya. Alikaza. Kifuniko kilishikwa na nati mbili tu juu yake, na kila asubuhi alizipa zote mbili salamu ya spana. Alichokuwa hajui, wala mimi sikujua, ni kwamba bati lile ni jembamba: ukilibana katikati, kingo zake huinuka, na oili hupata mlango mpana zaidi. Kwa hiyo kadiri alivyokaza, ndivyo lilivyovuja. Na kadiri lilivyovuja, ndivyo alivyokaza. Mimi nilisimama pembeni na shahada yangu nikisema, "Kaza kidogo tena, mama." Naye akakaza kidogo tena, na kifuniko kikasema *tak*, kikapasuka kuanzia tundu la nati hadi ukingoni.

Alikitazama. Akaweka spana chini taratibu.

"Khalas," alisema. "Yeye nakufa."

Dukani hapakuwa na kifuniko kama hicho. Mtu wa kwenda Nairobi angerudi matanga yameshaondolewa. Mafundi wa soko wangeweza kukichomelea, lakini mafundi wote wa soko walikuwa wanaume, na wazee walikuwa wamesikia.

Ni mmoja wa wale wanawake wa samaki aliyekumbuka kwamba Rejaf, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja mkulima, kuna mzoga wa gari kama letu. Tulipanda lori la mchanga tukaenda. Mzoga ulikuwepo kweli, majani yametoka madirishani, lakini injini ilikuwa wazi juu. Kifuniko hakipo. Mama mwenye nyumba alitazama ndani ya ile injini kama anayetazama kaburi lililofukuliwa. Kisha akasikia bata.

Walikuwa vifaranga wa bata, wamejipanga kuzunguka chombo kirefu cha bati kilichopinduliwa na kujazwa maji. Wengine walikuwa wanakunywa. Mmoja alikuwa ameingia kabisa, anaogelea.

"Tapeti kava!" alipiga kelele, na bata wakatawanyika.

Mzee alitoka akiuliza kuna nini. Alielezwa. Alisikiliza kwa makini, akajikuna kidevu, akauliza swali moja tu, "Sasa bata watakunywa wapi?"

Mama mwenye nyumba alishusha kichwani karai lake la maua, lile la kuuzia samaki, alilolipenda kuliko wapangaji wote. Akalijaza maji kutoka kwenye pipa, akaliweka chini. Tukangoja. Vifaranga walirudi mmoja mmoja, wakalichunguza, wakaingia.

"Kwes, vizuri," alisema mzee. "Wamekubali."

Njiani nilimchokoza. Nilimwambia mkono wa mwanaume umeshaingia, maana mzee alituinulia kifuniko kile kutoka ardhini.

"Abadan! Yeye nagusa bakuli ya bata. Mimi ndiyo nafanya hii kuwa tapeti kava tena."

Jumamosi yake tulifanya kazi ile uani, na hata leo nikisikia harufu ya majivu na oili nasikia mgongo unauma kwa furaha. Alikisugua kifuniko kwa majivu na mchanga mpaka kutu ikaisha. Akaleta murhaka, jiwe lake la kusagia mtama, lililolainika kwa miaka ya kusaga, akakilaza juu yake kukagua ukingo. Palikuwa na mahali pamepinda. Mwanga ulipenya chini. Akapagonga kwa mchi wa mbao, taratibu, akainama, akatazama, akagonga tena, mpaka mwanga ukakoma kupita. Kisha akasimama na kuuliza swali nililokuwa nikilingoja tangu asubuhi, "Na gasketi?"

Hapo ndipo nilipotaka kung'ara. Nilikimbilia chumbani nikatoka na boksi gumu la karatasi.

"Tukate hili, mama," nilisema. "Ni gumu, ni bapa, linatosha."

Aliligeuzageuza. Akaweka tone la oili kwenye kona, na oili ikanywewa kama chai. Akanitazama mimi badala ya boksi.

"Hii sanduku, ndani nabeba nini?"

Mtu mwenye akili angesema sukari. Mimi nilisema viatu.

"Leta."

Nilivileta. Soli zake zilikuwa nene kama tofali dogo, za kizibo, ule ubao laini mwepesi wa vizibo vya chupa. Alibonyeza kwa ukucha, ukucha ukaingia na alama ikarudi yenyewe. Akaokota kipande cha gasketi ya zamani kutoka kwenye injini, akakivunja, akaninusisha, akakiweka kando ya soli. Hata mimi niliona: ni kitu kile kile.

"Mama," nilisema, "hizi ni raizoni. Za Kampala."

"Mimi naona. Gari pia ya Kampala."

"Hakuna nyingine kama hizi Juba nzima."

"Tapeti kava pia hakuna ingine." Aliketi juu ya murhaka. Sauti yake ilishuka. "Mwalimu, sikia. Mimi hapana lazimisha. Lakini shemeji nakuja chukua gari, mimi narudi kubeba samaki na kichwa. Hii kichwa nabeba kutoka hapa mpaka Uganda, na kutoka Uganda mpaka hapa. Nachoka."

Niliviweka viatu chini mbele yake. Ningependa kuandika kwamba nilifanya hivyo kwa moyo mkunjufu. Nililia kidogo, na nilisema ni vumbi la majivu.

Alikipasha kisu moto, akazikata soli vipande vyembamba kama mtu anayekata muhogo wa kukausha. Akapaka masizi ya sufuria kwenye ukingo wa kifuniko, akakigandamiza juu ya vipande ili kuchora umbo, akakata kufuata weusi. Pembeni palipokutana vipande viwili alikata meno yaingiane. Tulivipaka grisi, tukavipanga juu ya injini, tukashusha kifuniko, na nati mbili zikakaa mahali pake.

Akachukua spana. Niliuona mkono wake ukijaa, mishipa ikapanda, na nadhani hata yeye aliuona akakumbuka ile *tak*, kwa sababu alisimama hapo hapo, spana iko juu ya nati. Kisha akanipa mimi.

"Kaza wewe."

"Mimi? Mama, mimi sina nguvu."

"Ndiyo. Mimi najua. Wewe hata mtungi ya simsim nashindwa. Mungu nafanya hii mkono kwa hii kazi."

Nikakaza. Aligeuka akashika nguzo ya jiko kwa mikono miwili, bila kuiachia, akiuliza bila kutazama, "Bado? Bado?" Nilizungusha hii kidogo, ile kidogo, mpaka mkono wangu ukakataa. Na palepale nguvu zangu zilipoishia ndipo nati zilipotakiwa kuishia. Miaka yote ya chuo sikuwahi kupata alama za juu kiasi kile, na nilizipata kwa udhaifu.

Aliwasha. Gari lilitetemeka, likanguruma, likatulia. Tuliinama vichwa vikigusana, tukangoja injini ipate moto. Ukingo ulibaki mkavu. Alipitisha kidole kuzunguka kifuniko chote, akakiinua juani. Kilikuwa na grisi yetu tu. Kisha akapiga vigelegele vilivyowatoa watu majumbani mwao mpaka barabara ya pili, na wale wanawake watatu wa samaki wakaja wakacheza wakilizunguka gari, nami nikacheza peku.

Siku ya safari alivaa gauni lake la kanisani. Wanawake watatu walikaa nyuma na sufuria za karamu mapajani. Watu walisimama barabarani, wengine wakimtakia heri, wengine wakimwambia wataandaa kamba ya kumvutia.

"Ya mama, salimia lori litakalokubeba!" alipaza sauti kinyozi wa jirani.

"Wewe nyoa watu vizuri kwanza, kichwa yao nakuwa kama Rejaf!" alijibu, maana Rejaf kuna kilima.

Aliniita dirishani. Nilidhani ananiaga. Akatoa kwenye kifua cha gauni lake spana, ile ile, ya pekee iliyoingia kwenye nati zile.

"Kaa nayo."

"Mama! Na zikilegea njiani?"

"Zikilegea, mimi nakwisha. Lakini mimi nikienda nayo, mimi nakaza. Mimi najijua." Akaisukumia dirishani. "Shika haraka, kabla mimi nabadilisha roho."

Nikaishika. Ilikuwa na joto la mwili wake. Akaliambia gari, "Twende, bwana," na wakaondoka bila moshi. Kinyozi aliutafuta ule moshi kwa macho mpaka kona ya mwisho.

Siku ile na ya pili yake sikufundisha lolote la maana. Wanafunzi waliniuliza mto mrefu, nikawatajia barabara. Niliwaza kila shimo kati ya Juba na Yei, nikawaza nati mbili zilizokazwa na mtu asiyeweza kufungua mtungi. Shule yetu ilikuwa na simu moja, ofisini kwa mkuu, na mchana wa siku ya pili mkuu mwenyewe alikuja darasani akanifuata.

"Mwalimu, una simu ya Yei. Fanya haraka, opereta analalamika."

Laini ilikuwa inakwaruza kama mchanga kwenye sufuria. Sauti ilikuwa ya mwanaume, kavu.

"Wewe ndiye mpangaji wa shemeji yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Amesema nikupigie mimi mwenyewe. Amekataa kula mpaka nipige."

"Ndiyo, mzee."

Laini ilikwaruza tena.

"Gari limefika," alisema.

"Kwa magurudumu yake?"

"Kwa magurudumu yake."

"Na oili, mzee?"

Nyuma yake nilisikia ngoma, na mwanamke mmoja ninayemjua anacheka.

"Jana lilipofika nilitandika gazeti chini ya injini," alisema hatimaye. "Jipya, sikuwa nimelisoma. Nikasema, asubuhi wazee watalitazama pamoja nami."

"Wakaliona?"

"Wameliona. Lipo hapa mkononi mwangu."

Pakawa na purukushani, na sauti ikaingia kwenye simu kwa nguvu hata mkuu wa shule aliisikia toka mlangoni, "Shemeji, somea yeye! Somea mwalimu, yeye nasikia kama herufi iko safi!"

"Mama huyu," alisema mzee kwa uchovu. Nilisikia karatasi ikikunjuliwa. Akakohoa, kama mtu anayesimama kusoma somo kanisani. "'Imepotea baiskeli,'" akasoma, "'nyeusi, kiti cha ngozi, kengele haifanyi kazi.'" Akaishia hapo. "Hakuna doa, mwalimu. Gari ni lake. Nimekwisha kuwaambia wazee."

Opereta aliingia kusema muda wetu umekwisha. Nilimwomba dakika moja tu, ya kufidia viatu vyangu, kisha nikamwambia shemeji, kwa adabu zote nilizofundishwa, "Mzee, tafadhali, geuza ukurasa uendelee."